Kadi za Wino wa Bluu

Nilirudi Tabora na diploma mbili. Ya kwanza niliipata kwa masomo ya posta nikiwa bado mchukuzi wa mizigo pale stesheni, nikisoma katikati ya mchana baada ya treni ya Kigoma kuondoka na kabla ya ile ya Mwanza kuingia, kitabu nimekiweka juu ya gunia la karanga. Ya pili niliifuata Uingereza, ambako niliosha vyombo vya hoteli miaka miwili ndipo nikaweza kuingia darasani. Ilikuwa diploma ya mashine zinazosoma hati. Katika mkoa mzima hapakuwa na mwingine mwenye nayo, na naamini kuanzia Dodoma mpaka Kigoma nilikuwa peke yangu. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu wapo watu mtaani kwetu Chemchem wanaosema mpaka leo kwamba nilibebwa. Sikubebwa na mtu. Babu yangu alibeba pembe za watu mpaka pwani, baba alibeba pamba yake mwenyewe mpaka kwenye mizani, mimi nilibeba magunia ya abiria. Katika ukoo wetu tumebeba wote.

Kazi niliyoirudia ilikuwa katika ghala lililogawa bidhaa kwenye vijiji vya Ujamaa. Chumvi, sabuni, majembe, mbegu, na mwaka ninaousimulia hapa, unga wa njano wa njaa. Kila lori lililotoka lilikwenda na hati ya kupokelea mzigo, inayoeleza kimetoka nini, kimefika kiasi gani, na kijiji kina watu wangapi wa kugawana. Hati hiyo ilirudi na dereva, au na katibu wa kijiji juu ya baiskeli, au haikurudi kabisa. Zilizorudi zilisomwa zote na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama.

Mjomba alikuwa karani tangu enzi za mkoloni, kwanza katika mizigo ya reli, kisha pale ghalani. Alivaa shati jeupe lenye mfuko mmoja, na mfukoni zilikaa kalamu mbili za wino, moja ya bluu na moja nyekundu, vifuniko vyake vikiwa vimesawazika kama meno. Ijumaa alibadilisha shati kwa kanzu lakini kalamu zilihamia kwenye mfuko wa kanzu. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi, kwa mkaa juu ya kipande cha bati, kabla sijaenda shule. Hilo nalikiri. Alisoma hati za vijiji moja moja, akanakili katika daftari kubwa, akajumlisha, akapanga nani apelekewe nini. Nusu ya mwezi ilimwishia hapo. Wakati yeye anasoma, vijiji vinangoja, na wakati vijiji vinangoja, baadhi ya makatibu walikuwa wanajifunza kuandika kwamba mzigo umefika pungufu kumbe umefika kamili.

Mimi niliyamaliza hayo yote. Nilichora kadi ngumu, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, yenye mistari ya vijumba vidogo vya tarakimu, sifuri mpaka tisa. Katibu wa kijiji hakuwa na haja ya kuandika neno hata moja. Kila kijiji kilikuwa na namba yake. Katibu alitafuta kijumba cha tarakimu anayoitaka na kukijaza weusi kwa penseli, basi. Kadi zilipanda treni kwenda Dar es Salaam, kwenye mashine kubwa kama makabati mawili ya nguo yaliyowekwa kifua kwa kifua, na mashine hiyo ilizisoma kadi zetu zote kabla chai ya fundi wake haijapoa. Kisha ilichapa orodha ya namba za vijiji vitakavyopewa mzigo unaofuata. Orodha ikapanda treni kurudi kwetu. Kazi ya nusu mwezi ikawa kazi ya siku nne, na siku tatu kati ya hizo ni za treni.

Nikaweka na kanuni moja, ambayo ilipigiwa makofi katika kikao. Kijiji kisichothibitisha mzigo uliopita hakipangiwi mzigo mpya. Mashine yenyewe ingekiruka. Hapatakuwa na kubembeleza, hapatakuwa na mjomba wala shangazi. Mkubwa wa ghala aliniita mbele nikaeleza mara ya pili, kwa wale waliokuja kutoka wilayani.

Siku niliyowafundisha makatibu na makarani namna ya kujaza kadi, niligawa penseli kutoka katika boksi jipya. Mjomba alikaa mstari wa mbele. Alipokea yake, akaitazama ncha, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kwa nini penseli, bwana mkubwa? Hati ni wino."

Aliniita bwana mkubwa kwa sababu tulikuwa mbele za watu. Nikamjibu, "Mjomba, mashine ndiyo inayotaka penseli. Na mashine haiulizwi kwa nini."

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, akigusa mfuko wake wa kalamu.

Jibu lenyewe nilikuwa nalo, na halikuhitaji zaidi ya sentensi tatu. Ndani ya mashine ile kuna burashi za nyaya za shaba zinazopita juu ya kadi. Weusi wa penseli hupitisha umeme, na burashi ikiugusa, mashine inajua hapa pana alama. Wino haupitishi umeme, kwa hiyo kwa mashine ile wino haupo, ni sawa na kadi tupu. Ningeweza kuyasema hayo kwa Kiswahili, hata kwa Kinyamwezi. Sikuyasema. Nilikuwa nimeyafuata mbali sana, na nilitaka yabaki kuwa yangu.

Nilijua pia mjomba anavyoiona penseli, ingawa siku hiyo sikuikumbuka habari hiyo. Alipokuwa kijana stesheni, karani mwenzake aliandika uzito wa mizigo kwa penseli, mtu akaufuta kwa tonge la mkate na kuandika mwingine, na yule karani akaenda jela kwa uzito asioujua. Mjomba aliitwa kutoa ushahidi. Aliulizwa kama anautambua mwandiko wa mwenzake akasema ndiyo, maana ulikuwa ndio, isipokuwa tarakimu mbili. Hakuna aliyesikiliza habari ya tarakimu mbili. Tangu siku hiyo, kwake, penseli ilikuwa kalamu ya mtoto anayejifunza na ya mwizi anayejua.

Mfumo wangu ulifanya kazi. Lazima niliseme hilo wazi, kwa sababu kilichotokea baadaye kimewafanya watu waseme ulikuwa mchezo wa msomi. Malori yalitoka kwa siku zake. Wizi ulipungua hadi madereva wakawa wananilalamikia. Maofisa kutoka mikoa mingine walikuja kutazama kadi zangu, nikawaeleza nikiwa nimevaa tai.

Mvua zikakosekana. Zilikosekana mwaka ambao watu walikuwa wamehamishiwa tu vijijini, mashamba mapya hayajalimwa vizuri na ya zamani yamebaki porini. Mama alikuwa miongoni mwao. Baada ya baba kufariki nilimwomba aje mjini akakataa, akasema hawezi kukaa mahali ambapo maji ya kuoga yananunuliwa. Kijiji alichopelekwa kilikuwa upande wa Choma, njia ya ng'ombe na pamba, nyumba zimepangwa mistari miwili kama vijumba vya kadi zangu. Alihama na mlango wa nyumba yake ya zamani juu ya mkokoteni, kwa sababu baba ndiye aliyeuchonga, na mpaka walipomjengea ukuta aliuegemeza mlango ule kwenye mti na kulala nyuma yake.

Unga wa kwanza wa njaa ulifika kijijini kwake bila tatizo. Kadi za kuthibitisha zikarudi, zikapitia mikononi mwa mjomba kama zilivyopita zote kabla ya kupanda treni. Orodha iliyofuata ilipokuja kutoka Dar es Salaam, mjomba aliisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo nilikuwa nimemwambia si lazima tena, akaja mezani kwangu akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Namba ya kijiji cha mama yako haimo," alisema.

"Basi hawajathibitisha."

"Wamethibitisha. Kadi zao nimezishika mimi."

"Mjomba, wewe umezishika, mashine imezisoma. Ikisema hakuna, hakuna. Mashine haina ndugu."

"Hata mimi sina ndugu nikiwa mezani," alisema, akarudi mahali pake.

Nilifurahi kusikia hivyo. Nilidhani ananiunga mkono. Nikaandika barua ya kumkumbusha katibu wa kijiji kujaza kadi ipasavyo, nikapiga muhuri, nikaendelea na kazi.

Dereva aliyepeleka mizigo upande ule alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani, na kwa hiyo mtani wetu. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulianzia kwenye njia ya misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo na babu zao wakiwapokea na kuwacheka miguu. Dereva huyu aliutumia kila siku. Aliniita Bwana Diploma, na akiniona nakula alikuwa akiuliza kama chakula changu kimejazwa penseli. Lakini siku aliyorudi kutoka Igunga, njia ya kijiji cha mama, baada ya orodha ile, aliingia ofisini akavua kofia.

Aliniletea salamu za mama. Mama alisema hawajambo wote, nisihangaike. Hayo aliyamaliza haraka. Kisha akasema, "Ila mtani, nimekaa pale kijijini tangu asubuhi mpaka jua limepinduka, natengeneza tairi. Sijasikia kinu hata kimoja."

Nikamwambia kadi zao hazikusomeka, zitasomeka orodha ijayo.

"Kesho kutwa napita tena pale nakwenda mbele. Nipe magunia kumi. Nitayaangusha, karatasi itanifuata."

Sikumpa. Nataka nieleze kwa nini, maana nimejieleza mwenyewe mara nyingi na kila mara sababu ni ileile na kila mara ni nzuri. Kanuni ilikuwa yangu. Kijiji kilikuwa cha mama yangu. Kama ningetoa gunia moja bila kadi, na likaenda kwa mama yangu, kesho yake kila katibu wa mkoa angekuwa mlangoni kwangu na mama yake. Nilikuwa mwadilifu. Katika miaka ile, watu waliokaa mahali kama pale na kutoka mikono mitupu hawakuwa wengi, na mimi ni mmoja wao.

Badala yake nilinunua unga kwa mshahara wangu, debe moja, nikampa dereva ampelekee mama kama mtoto yeyote anavyompelekea mzazi. Debe lilirudi baada ya siku tano. Kwetu chombo hakirudishwi kitupu, na mama alikuwa ameliosha akatia ndani ukwaju, viganja viwili au vitatu, ndio uliokuwa umebaki mitini. Dereva alinipa na maneno yake. Unga ameupokea, Mungu anibariki. Ameupima kwa bakuli, kila nyumba bakuli moja, umefika mpaka nyumba ya mwisho ya mstari wa pili. Nisimletee tena yeye peke yake, kwa sababu nyumba zimepangwa karibu na moshi wa jiko moja unaonekana na kila mtu. Kama naweza, nilete wa wote.

Ukwaju ule niliuweka dirishani. Mjomba aliuona, akauliza umetoka wapi, nikamwambia. Akachukua mbegu moja akaishika mpaka saa ya kufunga ofisi.

Orodha ya pili ikaja. Namba haikuwemo. Mjomba safari hii hakuja mezani kwangu. Aliikunja orodha, akaifungua, akaikunja. Nikamsikia anamwambia mhudumu wa ghala kwamba atazikagua kadi za kijiji kile kwa uangalifu zaidi, huenda yeye ndiye hazitunzi vizuri. Katibu alipotuma tena kadi za ule mzigo wa kwanza, mjomba alikaa nazo siku nzima. Nilipita nyuma yake mara mbili, mabega yake yameinama juu ya meza na chupa ya wino iko wazi, nami sikuona ajabu. Chupa ya wino ilikuwa wazi mezani kwake tangu sijazaliwa.

Orodha ya tatu nayo ilikuwa vilevile. Dereva alikuwa haleti tena utani. Alisema watu wa kijiji kile sasa wanachimba mizizi porini, ile yenye sumu inayolowekwa siku tatu na kubadilishiwa maji ndipo ipikwe, na kwamba mama yangu ndiye anayeonja chungu kwanza kwa sababu yeye ni mkubwa kuliko wote na anasema hana mtoto wa kunyonyesha. Niliomba ruhusa siku ileile nikapanda treni kwenda Dar es Salaam. Njiani nilikuwa nimeshajua la kufanya. Nilikuwa nimeshaamini kwamba katibu wa kijiji ni mwizi, anajaza kadi ovyo ili afiche mzigo wa kwanza, na nilikuwa nimetunga barua ya kumfukuza kichwani mwangu kufikia Morogoro.

Fundi wa mashine alinipokea kwa heshima, kwa sababu alijua nilikosoma. Nilipomtajia namba ya kijiji, alivuta droo akanipa bahasha. Alisema kadi zile mashine inazitema kila mara, inaziona tupu, naye alidhani tunamtumia kadi ambazo hazijatumika.

Nikazitoa. Sijawahi kuona kadi nzuri kama zile. Kila kijumba kilijazwa mpaka ukingoni bila kuvuka mstari, rangi imelala sawasawa kama iliyopigwa chapa. Hapakuwa na alama ya kidole, hapakuwa na doa, kona hazijakunjwa. Pembeni, mahali ambapo sikuacha nafasi ya sahihi, palikuwa na sahihi ndogo na tarehe. Yote kwa wino wa bluu. Mwandiko ule ndio niliofundishiwa herufi kwa mkaa.

Nilimwomba fundi penseli. Nilikaa kwenye kiti chake nikapitia kila kijumba cha bluu kwa weusi, kadi baada ya kadi. Akazitia mashineni. Zilipita mara moja, na namba ya kijiji cha mama ikachapwa kwenye karatasi. Nikapeleka simu ya maandishi Tabora kwamba lori lipakiwe, mimi nakuja, wanisubiri.

Mjomba alikuwa stesheni. Lori lilikuwa limepakiwa, alisema, na dereva ana mafuta. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia marahaba, na hapohapo kwenye jukwaa, watu wakishusha mizigo yao juu ya vichwa vyetu, nikatoa zile kadi. Hakuuliza nimezipata wapi.

"Kwa nini hizi tu?" nilimuuliza. "Kadi za vijiji vingine vyote ni penseli."

"Hizo nilizipitisha kama zilivyokuja. Wakiibiana, wameibiana wenyewe." Alinyoosha kadi moja iliyokuwa imepinda mkononi mwangu. "Za dada yangu niliogopa. Penseli yao ilikuja imechafuka, imefutikafutika. Kesho mtu akisema karani amemfutia dada yake nne akamwekea tisa, nitamwonyesha nini? Nikazinakili kwenye kadi safi, kwa wino, nikatia sahihi. Ili asiwepo wa kunisema."

"Nilisema penseli, mjomba. Mbele ya watu wote."

"Ulisema mashine inataka penseli. Hukusema wino haiuoni."

Hakulisema kwa hasira. Katika taarifa niliyoandika baadaye kwa wakubwa, niliandika kwamba kadi za kijiji kimoja zilijazwa wino kinyume cha maagizo. Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Mjomba aliisoma kabla haijatumwa, maana alikuwa bado anasoma kila kitu, akaweka koma mahali nilipoisahau. Mwezi uliofuata aliomba kustaafu. Mashine zenyewe hazikukaa sana, serikali ilikataza kuingizwa nyingine nchini, na kadi zangu zilizobaki ghalani zikatumika kuwashia moto wa chai.

Lakini siku ile tulikuwa bado na haraka. Tulipanda lori wote watatu, mjomba katikati. Njia ya kwenda Nzega inapita mahali ambapo njia ya zamani ya misafara iliwahi kukata, na dereva kwa kawaida hakuvuka pale bila kutukejeli. Alivuka kimya. Kutoka Nzega vumbi lilikuwa jingi tukafunga vioo, na kwa joto lile kalamu moja ya mjomba ilivuja mfukoni, doa la bluu likaenea kwenye shati lake jeupe. Hakuligusa.

Tulifika alasiri. Watu walitoka kwenye mistari yao miwili wakasimama bila kukimbilia lori, na kwa jinsi walivyosimama nilijua. Mama alikuwa amezikwa jana yake. Mizizi ililowekwa siku mbili badala ya tatu, kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wamelia sana, na yeye akaonja kama kawaida yake, akasema bado ni michungu, wasiile, imwagwe. Ikamwagwa. Hakuna mwingine aliyeumwa. Walikuwa wamemsomea hitima kwa maji matupu.

Mlango wa baba ulikuwa umesimamishwa ukutani, umefungwa.

Wanaume walikuja kunipa mkono, kisha kumpa mjomba, na wanawake wakaanza kilio upya kwa ajili yetu. Kilipotulia, dereva hakushusha mzigo. Alipanda juu ya magunia akalala chali, mikono nyuma ya kichwa. Watu wakamtazama. Wakubwa walielewa wakaanza kusogea, kwa sababu msiba wetu bila mtani haujakamilika, na mtani alikuwa amefika.

"Sishushi," alisema akitazama mbingu. "Mimi ni mwendesha gari tu. Nataka kwanza nimwone Mnyamwezi akibeba."

Mzee mmoja akamwambia kwa sauti ya utani kwamba ashuke asije akaanguka, kaburi la Mzaramo ni la bei ghali. Dereva akaketi.

"Babu zenu walibeba pembe kutoka hapa mpaka kwetu pwani, kwa miguu, miezi mitatu, hawajui kusoma, na pembe zilifika. Sisi wenyewe tulizipokea. Leo mna treni, mna lori, mna karani, mna na Bwana Diploma mwenye mashine yake. Na gunia moja la unga limeshindwa kufika kwa mama mzazi wa mwenye mashine."

Watu walicheka. Ndiyo desturi, mtani akisema msibani mnacheka, na atakayenuna ndiye atakayelipa faini. Wanawake walicheka huku wanajifuta macho. Mjomba alicheka, doa la bluu likipanda na kushuka kifuani. Na mimi nilicheka. Kisha nikasogea kwenye lori nikageuza mgongo, nikainama kama nilivyokuwa nikiinama stesheni, na dereva akaniwekea gunia la kwanza begani. Nilibeba mpaka la mwisho. Hakuna aliyejaribu kunisaidia.

Unga ukapimwa kwa bakuli, nyumba kwa nyumba, mstari wa kwanza kisha wa pili. Nyumba ya mama ilirukwa. Kabla jua halijazama, vinu vilikuwa kimya bado, maana unga ule ulikuwa umeshasagwa, lakini moshi ulitoka kila mahali.

Ilibaki kadi. Katibu wa kijiji, ambaye nilikuwa nimemfukuza kazi kichwani mwangu mpaka Morogoro, alileta kiti na ubao wa kuandikia. Aliniwekea na penseli niliyompa mwenyewe siku ya mafunzo, imechongwa ikabaki fupi kama kidole gumba. Mjomba alisimama kando. Nilimpa kadi, kwa sababu za kijiji hiki alikuwa akizijaza yeye.

"Jaza wewe," alisema. "Mkono wangu umezoea wino."

Nikajaza namba ya kijiji. Nikajaza magunia yaliyotoka na magunia yaliyofika, na yalikuwa sawa. Nikafika kwenye mstari wa idadi ya watu. Idadi ya kijiji kile niliijua kwa moyo, nilikuwa nimeijaza upya juu ya bluu siku mbili kabla, kule Dar es Salaam, kadi baada ya kadi, na mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nimeshakijaza kijumba cha mwisho niliposikia katibu anakohoa. Akasema taratibu kwamba sasa wamepungua mmoja.

Nikaomba kifutio. Nilifuta. Ilifutika vizuri sana, haikubaki hata alama, na kijumba kikawa cheupe kana kwamba hakijawahi kujazwa. Mjomba alikuwa ananitazama. Nikahamia kijumba cha kushoto yake, nikakijaza weusi.